Faini ya elfu moja na samaki waliokufa alfajiri

Mwaka juzi, mwezi wa sita, mtoto wangu wa mwisho alishikwa na homa kali usiku. Tulilala naye wodini siku mbili. Siku ya tatu homa ikashuka, tukaruhusiwa, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani Nambambo nikiwa nimembeba mgongoni. Kabla hatujafika, pale njia inapokatisha bondeni, nikasikia harufu. Nikamwambia kijana wa bodaboda asimame.

Samaki wetu walikuwa wanaelea. Weupe, tumbo juu, bwawa zima.

Wasomaji wa ukurasa huu wa siku nyingi wanajua kwamba mbali na kuandika hapa, nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha ufugaji wa samaki cha mtaani kwetu. Familia kumi na nane, bwawa moja la mita 20 kwa 15, tulilolichimba wenyewe kwa majembe na makoleo. Mwezi wa pili mwaka ule tuliweka vifaranga 600 vya perege. Tulihesabu kwamba mwezi wa nane, kabla korosho hazijaanza, tungevua, kila nyumba ipate kitoweo na fedha kidogo ya sare na madaftari ya watoto.

Leo naandika kuhusu kikundi chetu, kwa sababu wengi wenu mmeniandikia mkiuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mmoja ana kikundi cha kuweka na kukopa, mwingine timu ya mpira ya watoto, mwingine kamati ya wazazi shuleni. Mnauliza: wanachama wakilala, unawaamshaje?

Kwanza niwaambie samaki walikufa kwa nini.

Mbolea ya samadi ndani ya bwawa hailishi samaki moja kwa moja. Inalisha vijimea vidogo vinavyoyafanya maji yawe ya kijani, na perege wanakula humo. Mchana vijimea hivyo hutoa hewa safi ndani ya maji. Usiku havitoi, vinatumia. Samadi inayooza nayo inatumia. Kwa hiyo hewa katika bwawa huwa chache kuliko wakati wowote alfajiri, kabla jua halijatoka. Ukiweka samadi nyingi kwa mara moja, alfajiri utawaona samaki wamepanda juu, midomo wazi, wanahema. Dawa yake ni ya haraka na haina gharama: acha kulisha, acha samadi, fungua maji mapya yaingie kwa kishindo.

Nilipokuwa hospitali, mzee mmoja wa kikundi, mtu mwema sana, alipita akaona maji yamepungua ukijani. Alikuwa ameniona mara nyingi nikitia samadi. Akasema, mwenyekiti ana mgonjwa, ngoja nimsaidie. Akaleta viroba vinne vya samadi mbichi ya kuku, akamwaga vyote.

Alfajiri ya kesho yake binti yangu, wakati ule ana miaka 12, alipita bwawani akielekea shule. Akaona midomo. Alikuwa amenifuata bwawani tangu tunachimba, alijua maana yake. Akamkuta mtu mzima pale, mwanachama mwenzetu, akamwambia, "Shikamoo. Samaki wanakosa hewa, tufungue mlango wa maji." Akajibiwa, "Marahaba. Subiri mama yako arudi."

Akaenda shule. Hadi saa sita mchana ilikuwa imekwisha.

Tuliwazika chini ya migomba. Binti alishika koleo akafukia bila kusema neno, ila mwishoni akaniambia, "Nilimwambia, mama." Nami nilikuwa na hasira ya kuchoma nyumba. Usiku nikamwaga yote kwa mume wangu: watu kumi na saba, hakuna hata mmoja aliyejua kufungua ubao wa mfereji! Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Mama watoto, ulimfundisha nani?"

Sikulala vizuri.

Kwenye kikao nilikwenda nimejiandaa kulaumu. Mama mmoja, ambaye kwa miaka mitatu sikumbuki kama aliwahi kusimama kuzungumza, akasimama. Akasema kwa upole kabisa kwamba kila walipouliza jambo la bwawa, nilikuwa nawajibu neno moja: "Niachieni mimi." Pumba zikiisha, niachieni mimi. Bwana Samaki wa wilaya atafutwe, niachieni mimi. Ufunguo wa banda nilikuwa nao mimi, umefungwa kwenye kona ya kanga yangu.

Mzazi mwenzangu, mimi niliona ule ni wema. Niliwahurumia, kila mtu ana shamba lake na watoto wake. Wala sikudhani kwamba mtu anayeambiwa "niachie" kila wiki anajifunza kuacha. Na nyumbani kwangu je? Miaka mitatu hiyo wanangu walikula chakula cha jioni bila mimi mara nyingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Nilidhani najitoa kwa ajili ya wenzangu, kumbe wenzangu hawakuniomba.

Sasa kuhusu faini, maana najua wengi wenu ndiyo mnayotumia.

Sisi tuliijaribu mwaka mmoja kabla ya msiba wa samaki. Asiyefika kazini Jumamosi, shilingi elfu moja. Kabla ya faini, asiyekuja alituma mtoto na kisingizio: mama anaumwa kichwa, baba kaenda msibani. Visingizio vingine vilichekesha, lakini ndani yake kulikuwa na aibu, na aibu ile ilimleta mtu Jumamosi inayofuata. Baada ya faini mtoto alikuja na noti mkononi: "Mama kasema hii ya leo." Hakuna aibu, hakuna kichwa kinachouma. Mtu amelipa, yuko huru. Mweka hazina alifurahi. Bwawani tulibaki saba.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hilihili lilishapimwa mbali na Nachingwea. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walichapisha mwaka 2000 uchunguzi wao wa vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israel. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwafuata watoto jioni. Katika vituo sita wakaweka faini ya shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika 10. Waliochelewa wakaongezeka, mwisho wakakaribia mara mbili ya mwanzo. Na kilichonishtua mimi ni hiki: faini ilipoondolewa, hawakupungua. Mzazi alikuwa ameshazoea kuona muda wa mwalimu ni kitu cha kununua. Sisi nasi tulipoifuta ile elfu moja, wale waliozoea kulipa hawakurudi. Walibaki nyumbani bure.

Tulipozika samaki, tulikaa mwezi mzima bila kufanya lolote. Familia tano zikajitoa. Baba mmoja alinieleza wazi kwamba yeye alijiunga apate samaki, hakujiunga kwenda shule. Sikumfuata. Zamani ningemfuata, ningembembeleza, na mwisho ningemwambia abaki tu, sehemu yake niachie mimi.

Waliobaki kumi na tatu tulianza na ufunguo. Kila wiki unakaa nyumba moja. Jumamosi wanaotoka zamu wanawakabidhi wanaoingia, pale pale kwenye tuta la bwawa, na anayekabidhi ndiye anayefundisha. Mimi nilipewa sharti moja, nalo lilinitesa: ninyamaze.

Kinachofundishwa ni kidogo, kinamtosha mtu wa darasa la nne. Unazamisha mkono majini mpaka kiwiko. Kiganja kikipotea machoni, maji yana chakula cha kutosha, usitie samadi. Ukikiona vizuri, tia kidogo, usimwage. Alfajiri unapita kutazama midomo. Halafu unaandika kwenye daftari lililoning'inizwa bandani: tarehe, pumba kiasi gani, kiganja kimeonekana au hakikuonekana. Asiyejua kuandika, mtoto wake anaandika. Na tukakubaliana neno moja ambalo mwalimu wetu mstaafu alilipaka kwa rangi kwenye ubao wa banda: anayeona samaki wanahema, awe mkubwa au mtoto, afungue maji kwanza, apige simu baadaye.

Nilidhani ugumu utakuwa kuwafundisha. Hapana. Ugumu ulikuwa kuomba. Nilikuwa nimezoea kusimama kikaoni na kuuliza, "Nani atajitolea?" Mnaijua hali inayofuata. Kila mtu anachunguza vidole vyake vya miguu. Si kwamba wote ni wavivu. Swali lile halimuulizi mtu yeyote, na anayenyoosha mkono hajui kama atapewa kazi ya saa moja au ya miaka mitatu.

Nikaanza kwenda nyumba moja moja. Hodi, maji ya kunywa, habari za watoto, halafu naomba kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho. Fundi cherehani nilimwomba azibe wavu uliotoboka, basi. Alimaliza jioni moja, na tangu siku ile wavu ni wake, ukiukanyaga anakufokea. Kijana wa bodaboda nilimwomba safari moja tu ya kuleta vifaranga kutoka kituo cha serikali cha Nyengedi, hukuhuku Lindi, ndani ya mfuko wenye maji na hewa. Njiani alikuwa anasimama kuuangalia mfuko kama amebeba kichanga.

Na yule mama aliyekuwa hasemi. Nilikwenda kwake nikiwa na aibu, nikamuuliza angependa kufanya nini. Akaniambia amekulia kando ya Ruvuma, baba yake mvuvi, na kwamba tangu mwanzo alijua bwawa letu litajaa perege wadogo wasiokua, kwa sababu perege huzaana upesi mno na kugombania chakula. Dawa, akasema, ni kutia kambale wachache baada ya perege kukua kidogo. Kambale watakula watoto wa perege na wakubwa watapata nafasi. Ni kweli kabisa, na wataalamu wa ufugaji wanashauri hivyohivyo, ama kuweka vifaranga vya madume matupu. Miaka mitatu elimu hiyo ilikuwa imekaa kwenye mkeka nyuma kabisa ya kikao changu. Hakuna aliyeiuliza.

Hapa Nachingwea tungepaswa kulijua jambo hili kuliko watu wengine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Kongwa, Urambo na hapa kwetu. Matrekta yakaja, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikaletwa mpaka Nachingwea. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimepotea. Sababu zilikuwa nyingi, mvua, ardhi, mashine. Lakini katika yote hayo mwenyeji aliyelima karanga tangu utoto alikuwa kibarua, si mtu wa kuulizwa. Mimi na koleo langu nilikuwa nimefanya mpango wa karanga mdogo.

Nisije nikaonekana nawasema Waingereza kwa mabaya tu. Wana jadi moja inayonivutia, vilabu vya uvuvi wa ndoana. Wanavua kwa ndoana iliyovalishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na nzi. Mchezo huo waliuleta hata Afrika Mashariki: mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza samaki aina ya trauti kutoka Loch Leven, Scotland, wakawekwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare, Kenya, na hadi leo wako watu wanaowavua katika mito baridi ya upande ule. Mwanachama wa klabu ya namna hiyo hatoi ada tu. Vilabu vingi huko Uingereza vina siku za kazi kabla ya msimu: daktari na fundi bomba wanaingia mtoni pamoja, wanakata matawi, wanashindilia kingo. Na kufunga ile ndoana ya manyoya, mzee wa klabu anakaa na mgeni meza moja, anamwonyesha kidole kwa kidole. Mgeni akiondoka na ndoana aliyoifunga mwenyewe, hata kama imekaa upande, Jumamosi ijayo atarudi kuona kama samaki ataing'ata.

Wavu wa fundi wetu ni ndoana ile ile.

Jambo jingine ni kalenda, na hili wenyeviti wengi wa huku wanalikosea. Usiite kikao kikubwa mwezi watu wanapopuliza salfa kwenye mikorosho, wala minada inapoanza na kila mtu masikio yako kwenye chama cha msingi kusikia bei ya RUNALI. Hawaji, na wewe utawaita wavivu wakati wako mashambani tangu saa kumi na moja. Sisi kazi nzito zote tumezisogeza kati ya mwezi wa kwanza na wa nne. Kikao hakizidi dakika arobaini, kinafanyika bwawani, na watoto wanaruhusiwa. Mwanzoni baadhi walinung'unika kuhusu watoto. Lakini mama mwenye mtoto wa miaka minne ukimwambia asije naye, umemwambia asije.

Msidhani sasa mambo ni asali. Mwaka jana nyumba iliyokuwa zamu ilisahau kurudisha ubao wa mfereji usiku wa mvua, vifaranga wasiopungua mia wakatoka na maji kuingia kwenye mpunga wa jirani. Asubuhi jirani anacheka, anaokota kitoweo. Nilisimama pale, na lile neno likanijia mpaka kwenye meno: niachieni mimi. Nikalimeza. Waliosahau wakalipa kwa kazi, wakatengeneza ubao mpya wenye komeo, mzuri kuliko ule wangu. Lakini vifaranga hawakurudi, na mavuno yalikuwa pungufu. Ukigawa kazi, umegawa na makosa. Mwenye kikundi cha fedha ajue hilo kabla hajaanza. Fedha haziokotwi kwenye mpunga, kwa hiyo ufunguo wa sanduku utolewe kwa wawili wawili, si kwa mmoja.

Na yule mzee wa viroba vinne. Miezi miwili alikuwa hapiti njia ya bwawani. Akituona anakata kona. Nilikwenda kwake jioni moja na binti yangu, tukamwamkia, nikamwambia, "Mjomba, nimekuja kuomba radhi. Ulitaka kunisaidia na mimi sikuwahi kukuonyesha." Alinyamaza muda mrefu. Kisha akamgeukia binti, akamuuliza, "Kwani wewe ulijuaje?" Binti akaanza kumweleza habari ya hewa na alfajiri, mzee anauliza, binti anajibu, chai ikapoa. Mwezi uliofuata mzee aliomba yeye awe mtu wa samadi. Sasa hakuna anayetia hata koleo moja bila kumwita, na mgeni yeyote wa kikundi anafundishwa kiwiko na yeye.

Uenyekiti niliuacha mwezi wa tatu mwaka huu. Ameshika yule mama wa Ruvuma.

Jumamosi iliyopita zamu ilikuwa ya nyumba yetu. Nilichelewa kuamka, kitu ambacho zamani hakikuwepo. Nikakuta kitanda cha binti kitupu na mlango umerudishwa tu. Nilipofika bondeni jua lilikuwa linachungulia. Mlango wa maji ulikuwa umefunguliwa, mfereji unatiririka. Binti na mzee walikuwa wamechuchumaa kwenye tuta, mikono imelowa mpaka kiwikoni, wanabishana kama kiganja kimeonekana au hakikuonekana. Mwenyekiti mpya alikuwa kwenye simu, spika wazi, anauliza midomo ilikuwa mingapi.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikakaa kwenye nyasi, nikasubiri waniambie.